Hizo si chenga, ni chembe: usiisafishe The Apartment

Mkuu, weka rimoti chini kwanza. Umeuliza mambo mawili kuhusu diski yako ya 4K ya filamu The Apartment: kanda ya diski (eneo la dunia inakoruhusiwa kuchezwa), na "chenga" unazoziona ukutani na usoni kwa waigizaji. Hili la chenga ndilo linalonichoma, kwa sababu umeandika kwamba leo usiku unapandisha kipengele cha kuondoa chenga hadi mwisho, unavuta picha ili mistari myeusi ya juu na chini ipotee, na isipokaa sawa kesho unaiuza diski. Usifanye hata kimoja kati ya hivyo.

Hizo si chenga, ni chembe. Filamu hii ni ya 1960, imepigwa kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe, na picha ya mkanda huo imejengwa na chembe za fedha. Chembe ndiyo picha. TV haina akili ya kutenganisha chembe na kinyweleo cha ngozi au ufumaji wa koti, inafuta vyote. Shirley MacLaine anabaki na uso wa nta, na kofia mpya ya kibosi ya Jack Lemmon inageuka doa jeusi. Ukishaona picha imelegea hivyo utapandisha ukali, na hapo kila ukingo wa meza na kila taa ya dari pale ofisini itavaa uzi mweupe ambao haumo kwenye filamu.

Sasa kosa lenyewe, lile linalowafanya watu wauze diski nzima na kulaumu TV nzima. Unazima kila kitu ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa TV, unaridhika, unaweka diski, na uchafu wote unarudi. TV haijaharibika. Inatunza mipangilio ya picha mafungu mafungu: fungu la picha ya kawaida, fungu la HDR10 na fungu la Dolby Vision (hizi mbili ni aina za HDR, yaani picha yenye mwanga na giza pana zaidi), na mara nyingi kila tundu la HDMI lina mafungu yake. Ulichozima ni fungu la picha ya kawaida. Diski ya HDR ikianza, TV inahamia fungu jingine ambalo bado liko vilevile lilivyotoka kiwandani, kila kitu kikiwa kimewashwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: ANZISHA FILAMU KWANZA, NDIPO UFUNGUE MIPANGILIO. Wauzaji wanaoonyesha TV kwa video za samaki na maua hawakwambii hili. Wanakwambia "diski za zamani ndivyo zilivyo, washa kuondoa chenga". Ushauri huo umenigharimu hela, na ninakasirika kila ninapouona unarudiwa humu.

Filamu ikiwa inacheza, chagua Filmmaker Mode (modi inayoonyesha picha kama mtengenezaji alivyokusudia) kama TV yako inayo, la sivyo modi ya sinema. Kisha kagua kwa macho yako, usiamini jina la modi. Kuondoa chenga: zima, pamoja na kile cha pili kinachosafisha picha zilizobanwa. Kulainisha mwendo, ambako LG wanakuita TruMotion na Sony Motionflow: zima, maana filamu ina picha 24 kwa sekunde na TV inabuni za kujazia katikati. Ukali: sifuri kwenye TV nyingi, ila Sony katikati ni 50, ukishusha chini ya hapo unafifisha. Joto la rangi: lile la vuguvugu kabisa. Kwenye filamu isiyo na rangi, modi ya baridi inapaka kila shati buluu. Halafu ingia kwenye pleya yenyewe, maana nyingine nazo zina kipengele chao cha kuondoa chenga, na watu wanakisahau.

Mistari myeusi iache. Picha ni 2.35 kwa 1, upana kwa kimo, kwenye TV ya 4K inachukua takriban nukta 1,634 kati ya 2,160 za kimo cha skrini. Ukiivuta ijae, unakata karibu robo ya upana. Na upana ndio uhondo wa pale ofisini kwa Baxter (Lemmon), ghorofa ya 19 kwenye meza namba 861: Alexandre Trauner, mbunifu wa mandhari ya filamu, alipanga meza zinazozidi kuwa ndogo kadiri zinavyokwenda nyuma, na huko mwisho akaweka watu wafupi, ili ofisi ionekane haina mwisho. Kazi hiyo ilimpa Oscar. Wewe unataka kuikata kwa rimoti?

Kanda: diski za 4K hazifungwi kwa kanda, ila ile Blu-ray ya kawaida inayokuja kwenye kasha hilohilo inaweza kuwa imefungwa. Angalia herufi A, B au C nyuma ya kasha.

Ukimaliza, nenda pale Fran (MacLaine) anapompa Baxter kioo chake kidogo kilichopasuka. Usisimamishe, iache iende. Chembe zicheze sawasawa shavuni na ukutani nyuma yao. Ukuta ukiwa umetulia kama bango huku kichwa kikiacha kivuli kinapogeuka, bado kuna kitu hujakizima, na anza kukitafuta kwenye pleya.