Ruhusa za Windows, waachie Windows

Mhasibu akikupigia kwamba faili la jana limekataa kufunguka, na folda yenyewe anaingia bila shida, uliza kwanza faili hilo liliwekwa na nani. Katika ofisi ninazohudumia Westlands na Upper Hill, Nairobi, mara nyingi ni rsync ya usiku (programu ya kunakili mafaili) iliyopitia Cygwin, yaani zana za mtindo wa Linux zinazoendeshwa ndani ya Windows. Na simu hiyo huja tarehe 20, ritani za VAT zikisubiriwa.

Faili linalozaliwa ndani ya Windows hurithi ruhusa za folda yake. Cygwin ina mambo yake: inataka rwx (kusoma, kuandika, kuendesha) ya mwenye faili, kundi na wengine, kwa hiyo inaliandikia faili orodha yake na urithi unakatika hapo. Ukifungua Properties, kisha Security, Windows italalamika kwamba ruhusa hazikupangwa sawasawa na kutaka kuzipanga. Usikubali. Vipengele vya kukataza vitapanda juu, na huenda ukamfungia nje mtu mwenye haki yake.

Dawa iko kwenye /etc/fstab, faili la mipangilio ya diski la Cygwin. Mstari wa cygdrive, mahali Cygwin inapozionyesha diski za Windows, uwe hivi:

none /cygdrive cygdrive binary,noacl,posix=0,user 0 0

Kazi yote ni ya hiyo noacl: inaiambia Cygwin isiguse orodha za ruhusa za Windows. Funga kila kitu cha Cygwin, pamoja na huduma kama sshd na cron zilizojificha nyuma, ndipo ufungue upya.

Mafaili yaliyokwisha kuharibika hayajirekebishi. Fungua cmd kama msimamizi, uyarudishie urithi wa folda:

icacls D:\Hesabu\* /reset /T /C

Angalia hiyo nyota. Ukiisahau, folda ya Hesabu yenyewe inapoteza ruhusa ulizoipa. Na kama ndani kuna folda ya mishahara iliyofungiwa watu wachache, amri hii itaifungua kwa kila anayeingia Hesabu. Hifadhi ruhusa kwanza kwa icacls /save, na baada ya reset uifunge upya folda hiyo ya mishahara.

Baada ya noacl, chmod (amri ya kubadili ruhusa) kwenye /cygdrive inabaki kuwasha na kuzima alama ya kusoma tu. Funguo za ssh (za kuingilia mashine nyingine) ziache kwenye home ya Cygwin, la sivyo ssh itazikataa. Kwa rsync mimi hutumia -rt (folda zote na saa za mafaili tu), maana -a hubeba ruhusa za ilikotoka.

Chunga pia mv, amri ya kuhamisha. Ndani ya diski moja, faili huhama na ruhusa zake za zamani. Likipelekwa folda ya pamoja, tumia cp, ya kunakili, halafu ufute la kwanza.