Kwa mnaoanza project ya mwani wa kusafisha hewa

Wadogo zangu mliochagua mwani kwa project ya mwaka wa mwisho, karibuni sana. Siongelei ule wanaolima kina mama wa Paje, Zanzibar, naongelea huu mdogo, Chlorella na Spirulina, chembe moja huioni bila hadubini ila ukijaa kwenye tangi maji yanakuwa kijani kama kisamvu kilichotwangwa.

Najua wengi mmevutwa na picha za lile tangi la mwani la Belgrade, Serbia, LIQUID 3 la 2021, lita 600 za maji, na waliolitengeneza wanasema linafanya kazi ya miti miwili ya miaka 10. Hata mimi ndilo lilinivuta. Ila kabla hujaandika proposal kaa chini upige hesabu. Kilo moja ya mwani mkavu imekula kama kilo 1.8 za kabonidayoksaidi. Tuseme kila lita inakupa gramu 0.1 ya mwani mkavu kwa siku, lita 600 ni gramu 60, yaani gesi iliyoliwa ni gramu 108 tu, wakati mtu mmoja kwa kupumua tu anatoa karibu kilo nzima kwa siku, na lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, kwa hiyo tangi zima linafanya kazi wiki tatu kufidia lita moja ya bodaboda! Msikate tamaa, ila msimwahidi mtu kwamba tangi moja litasafisha Kariakoo. Ukiweza lipeleke kwenye bomba la moshi wa boila, huko gesi inafika asilimia 10 na zaidi, hewa ya kawaida ina 0.04 tu.

Halafu kuvuna mwani kabla haujafa. Hapa ndo watu wanapasahau kabisa, mwani ukifa ukaoza ile gesi inarudi hewani, ni kama hujafanya kitu. Mimi wikiendi moja umeme ulikatika, pampu ya hewa ikasimama, Jumatatu nafungua mlango nakutana na harufu ya yai viza, mwani wote umelala chini na juu maji ya njano, miezi miwili ya kazi. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo mbegu, yaani mwani hai kidogo wa kuanzishia tangi upya, naziweka kwenye chupa tatu ndogo, chumba kingine.

Kama ndo mara ya kwanza anza na Spirulina. Inapenda maji ya magadi, pH 9 hadi 10, kama ya Ziwa Natron kule wanakoila flamingo, na wavamizi wengi hawayawezi maji hayo, pia ni nyuzi kwa hiyo unaichuja kwa kitambaa tu, Chlorella inapita inataka sentrifyuji, mashine inayozungusha maji kwa kasi mwani ujitenge. Iliyokula moshi msiile wala msimpe kuku.

Na kila asubuhi tone moja kwenye hadubini, ukiona vidudu vinaogelea humo ujue vinaula mwani wako, tenga tangi hilo siku hiyohiyo na pipeti yake, kile kibomba cha kunyonyea tone, isiguse lingine.