Mpira Ukigonga Ukuta: Vekta kwa Anayeanza Kutengeneza Gemu

Wewe unayeanza kuandika gemu la pool kwenye simu, uwe Kampala, Gulu au Mbarara, weka pembe kando kwanza. Wengi huanza na saini na kosaini. Meza ikiwa mstatili mambo huenda. Ukuta mmoja ukikaa mshazari, wanapotea. Vekta, yaani jozi ya namba (x, y) inayoonyesha mwelekeo na ukubwa, hazijali ukuta umelalaje.

Nenda kwenye meza yoyote ya mtaani, sukuma mpira taratibu, mshazari, hadi ukingoni. Utazame vizuri. Mwendo wake una sehemu mbili: moja inaambaa na ukingo, nyingine inauendea. Ya kwanza inabaki, ya pili inageuzwa. Hesabu yote imo humo.

Ita kasi ya mpira v. Ita n vekta iliyo pembemraba na ukuta, inayoelekea upande wa mpira, yenye urefu wa 1. Tafuta zao nukta la v na n: zidisha x kwa x, y kwa y, jumlisha. Liite d. Kasi mpya ni v − 2dn.

Tuseme ukuta unafuata (4, 3). Vekta pembemraba ni (−3, 4), urefu wake 5, kwa hiyo n = (−0.6, 0.8). Mpira unakuja na v = (5, 0). Hapo d = −3, na kasi mpya ni (5, 0) + 6(−0.6, 0.8) = (1.4, 4.8). Pima urefu wake: 1.96 + 23.04 = 25, kipeuo chake 5, sawa na mwanzo. Usiruke ukaguzi huu hata siku moja.

Ukisahau kugawa kwa 5, jibu linakuwa (−85, 120). Mwendo umepanda kutoka 5 hadi 147, na mpira umetoweka kwenye skrini. Kosa hili huwasumbua wanafunzi, nao huilaumu fomula.

Ukingo halisi hula sehemu ya mwendo, basi mahali pa 2 weka 1 + e, ambapo e ni sehemu ya mwendo wa kuuendea ukuta inayobaki baada ya kugonga, kati ya 0 na 1. Kwa e = 0.8, mpira wetu unatoka na (1.76, 4.32).

Mpira ukitetemeka na kunasa ukutani, umezama ndani na unageuzwa kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini. Geuza pale tu d ikiwa hasi, kisha usukume mpira nje kwa kufuata n, kwa kina ulichozama. Umbali upime kutoka katikati ya mpira, ukikumbuka nusu kipenyo. Na kwenye skrini y huongezeka kuelekea chini, kwa hiyo n ya sakafu ni (0, −1).

Mpira wa pikseli 1800 kwa sekunde, kwa fremu 60 kwa sekunde, huruka pikseli 30 kila fremu; kipira kidogo kitaupita ukuta wa pikseli 10 bila kuugusa. Gawa kila fremu hatua 4, ukikagua ukuta kila hatua.

Mipira miwili ya uzito sawa ikigongana, n inatoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Ikiwa e ni 1, inabadilishana sehemu za kasi zilizo kwenye n, zilizobaki haziguswi.