Uhuru wa Uganda haukuletwa na Obote peke yake

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna mwingine aliyepigania uhuru wetu mbali na Milton Obote, waziri mkuu aliyekuwa madarakani tulipopata uhuru. Wapo, na mimi ningeanza na Ignatius Musazi. Mzee huyu alianzia kwa wakulima wa pamba. Fikiria mkulima amepalilia, amechuma, amebeba mzigo wake hadi kwenye kinu, halafu bei kapangiwa, na kuchambua pamba yake mwenyewe haruhusiwi. Hasira hiyo ndiyo iliyolipuka Buganda mwaka 1949, na serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku umoja wao wa wakulima.

Musazi hakunyamaza. Mwaka 1952 akaanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa nchini, Abu Mayanja akiwa katibu mkuu. Baadaye akaja Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu kabla ya Obote, na inaniuma sana kwamba vijana wengi hawamjui.

Ukipita Kololo, jijini Kampala, pale bendera ya uhuru ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Oktoba 1962, kaburi la Musazi liko hapo hapo. Nenda na watoto, tafadhali.