Samaki gani atakula mwani wa tangi langu?

Maswali ya safari hii ni ya matangi ya kioo yenye mimea hai na samaki mchanganyiko. Mwani tunaouzungumzia si ule wa kufungwa kwenye kamba baharini, bali utando na nyuzi zinazoota kwenye kioo, mawe na majani.

Tangi langu ni la lita 80, lina samaki wadogo, neoni na gapi. Muuzaji anasema pleko mmoja (kambare mwenye mdomo wa kunyonya) atamaliza mwani wote. Nimchukue? – Shangani, Mtwara

Usimchukue. Pleko wa kawaida huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini hukua hadi kupita sentimita 30. Akishakuwa mkubwa mwani haumshughulishi tena, na kinyesi chake kingi kinarutubisha mwani uleule uliomnunulia aule. Mimea michanga huing'oa kwa mkia. Akikushinda, tafadhali usimwachie mtoni: kwenye nchi kadhaa za joto pleko waliotupwa wamezaana na kutoboa kingo za mito.

Ukipenda samaki wa umbo hilo, ulizia Ancistrus. Huishia sentimita 12 hivi, na dume huota vinyama kama ndevu puani. Mmoja anakutosha, kwani madume wawili watagombana. Mwekee gogo la kukwangua, na mara 2 kwa wiki kipande cha tango jioni, ukitoe asubuhi kabla hakijaoza.

Niliagiza oto 6, kambare wadogo wala mwani, kutoka Dar, wakafika kwa basi wote wazima. Wiki 2 baadaye wamebaki 2. Tangi lina mwezi mmoja. – Lindi mjini

Inaelekea ni njaa, na pole sana. Oto (Otocinclus) hula utando laini, wa kahawia na wa kijani. Nyuzi ndefu hawazigusi. Tangi la mwezi mmoja halina utando wa kuwalisha sita. Isitoshe, wengi huvuliwa mitoni Amerika Kusini na hufika dukani wakiwa wameshinda njaa siku nyingi.

Kabla ya kulipa, subiri ajibandike kwenye kioo umtazame tumbo. La aliyeshiba ni jeupe na limevimba kama punje ya kunde. La mwenye njaa limebonyea nyuma ya mapezi ya kifua. Huyo mara nyingi haponi hata ukimpa chakula.

Kwa hao 2, chukua mawe laini ya mviringo, yalaze kwenye beseni la maji juani siku 7 hadi 10 mpaka yawe ya kijani, kisha uyaingize tangini kwa zamu. Ongeza jani la mchicha lililochovywa maji ya moto dakika 1. Usinunue wengine mpaka tangi litimize miezi 3, na ukinunua wafikishe 6, maana huishi kwa kundi.

Kumbuka na joto. Oto wanapenda nyuzi 22 hadi 26, na pwani yetu msimu wa joto maji hupita hapo kwa urahisi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3. Yanayopungua yajazie kwa maji yasiyo na klorini.

Majani yameota vishungi vyeusi kama ndevu. Nani anakula hivyo? – Nachingwea

Samaki aitwaye Crossocheilus, na karibu yeye peke yake. Mtambue kwa mstari mweusi unaopita mwilini hadi ncha ya mkia. Anayeuzwa kwa jina lake mara nyingi ni Gyrinocheilus, mwenye mdomo wa kunyonya. Akikua huwa mkali na hunyonya ute ubavuni mwa samaki wenzake. Crossocheilus mwenyewe hufika sentimita 15, kwa hiyo chini ya lita 200 usimfuge.

Kwa tangi dogo kata majani yaliyoathirika, kisha tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa: zima filta, pulizia vishungi kwa sindano isiyo na ncha, jumla isizidi mililita 1 kwa kila lita 4, subiri dakika 10, washa. Vikigeuka vyekundu siku chache baadaye, vimekufa.

Naweza kuvua perege wadogo na konokono Ziwa Rutamba? – Lindi vijijini

Hapana. Perege atakula mimea na kuchimba mchanga, na baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho.

Natumia maji ya mvua. Magamba ya konokono wangu yanabomoka. – Newala

Gamba ni chokaa, na maji ya mvua hayana. Chemsha makombe ya pwani, yaponde, tia vijiko 2 vya chakula kwenye kifuko cha neti ndani ya filta kwa kila lita 50. Pima pH (kipimo cha uchachu wa maji) kila wiki, ikifika 7.5 punguza. Palipobomoka hapatarudi, ila gamba jipya litaota zima.

Maji yenyewe yamekuwa ya kijani kama supu. Niongeze samaki gani? – Mikindani

Hakuna samaki wa kuyachuja hayo. Ondoa tangi dirishani, lifunike blanketi siku 4 bila chakula, kisha badilisha nusu ya maji na uwashe taa saa 6 tu kwa siku. Samaki wazima watavumilia njaa hiyo. Pampu ya hewa isizimwe hata usiku mmoja, kwa sababu mwani unapooza hula oksijeni yao.