Krismasi na pesa kidogo: maswali yenu ya wiki hii

Karibu kila mtu ameuliza Krismasi so nimechukua manne. Lakini kwanza hesabu moja. Ukiwa wa kulipwa mwezi, mara nyingi mshahara wa Desemba unaingia mapema, kama tarehe 20, na ule mwingine unakuja Januari 31. Hizo ni siku 42, mshahara mmoja, na hapo katikati kuna karo. Mimi hiyo 42 huwa naiandika kwa karatasi kabla sijanunua hata kiberiti.

*Dada, nauza mboga Kondele. Nimeweka 10,000 tangu Septemba. Shemeji zangu wanakuja na watoto, tutakuwa watu 14. Nifanye aje isiishe siku moja?*

Hongera dadangu, kuweka 10,000 ukiuza sukuma si mchezo. Toa kwanza pesa ya stoku, kama 3,500 hivi, umpe mweka hazina wa chama chenu akushikie mpaka Januari, juu ukirudi sokoni bila mtaji hapo ndio njaa inaanza. Krismasi sasa ni 6,500. Kinachomaliza pesa ni nyama, kwa hivyo kuku nunua mapema, wiki ya kwanza ya Desemba, wafunge hapo nyuma ya nyumba uwalishe mabaki, usingoje tarehe 23 juu hapo soko la Kibuye kila mtu anatafuta kuku siku hiyo hiyo na muuzaji anajua. Mwaka juzi nilingoja hadi mkesha, nikalipa pesa ya kuku wawili nikapewa mmoja tena amekonda, nilikasirika sana. Wawili wakubwa wenye mchuzi mwingi watatosha, alafu chapati: pakiti ya kilo 2 inakupa kama 20, nunua tatu. Na shemeji zako wapigie leo, si wakishafika mlangoni. Waambie kuku na unga ni mimi, mchele, sukari na mafuta ni nyinyi. Hakuna aibu hapo, wao pia wanajua maisha ilivyo.

*Niko Nairobi, nyumbani ni Vihiga, tuko watano. Nauli hutumaliza kila mwaka.*

Ndugu yangu, matatu za huku kwetu zikikaribia Krismasi nauli inaweza kuwa mara mbili, juu gari inarudi Nairobi karibu tupu na wewe ndio unalipia huko kurudi pia. Shule zikifungwa tu, watume watoto na mama yao bei ikiwa bado chini, wewe ufuate ukipata off. Hiyo nauli kali utailipa ya mtu mmoja badala ya watano. Kuna pia treni ya Kisumu, ilirudi Desemba 2021, ulizia mapema kama inatembea na tiketi ziko, alafu ukifika Kisumu Vihiga si mbali. Na ya kurudi iweke kando kabla hujapanda gari, tafadhali, juu Januari shule zikifunguliwa bei inapanda tena na huko shags hakuna wa kukukopesha, wote wamekwisha.

*Mimi ni wa boda Nakuru. Watoto wanataka nguo mpya, mkopo wa simu ni sawa?*

Hapana kaka. Ukichukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ada inakula kila siku hujalipa, na pesa ya kwanza ikiingia kwa simu inakatwa kabla hujaigusa, sasa petroli utaweka na nini? Niliwahi kukopa kwa app fulani nguo za Krismasi, hadi Machi bado nalipa na zile nguo zimeshakuwa fupi. Nenda mitumba katikati ya wiki, na viatu nunua vyeusi vya shule. Avae Krismasi, Januari aingie navyo darasani.

*Mama yangu yuko Bungoma, anasema bila nyama ya ng'ombe si Krismasi.*

Ana haki yake huyo mama. Changeni ng'ombe na majirani, boma kama nane hivi, muanze kulipa pole pole sasa, achinjwe tarehe 24 kila mtu abebe kulingana na alichotoa. Kilo zinakuja nyingi kuliko za buchari. Alafu mama mbebee sukari na majani ya chai kando, usimwambie mtu, aweke chumbani kwake. Hizo atakunywa mpaka Februari.