"Halina shida," alisema shemeji

Juzi usiku dada mmoja wa Jinja, hapa Uganda, alinitumia picha saba za gari, Toyota RAV4 ya 2007, rangi ya fedha, limeoshwa mpaka tairi zinang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Chini yake kaandika: "Kaka, bloka anataka milioni 24. Anasema halina shida. Nichukue?"

Picha zote saba zilipigwa nje. Hakuna hata moja ya uvunguni.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikalale. Saa saba ya usiku bado naandika, chai imepoa, mke wangu ananiuliza nagombana na nani kwenye simu. Basi nikaona niyaweke hapa, maana najua si yeye peke yake. Sisi wote tuko njia moja. Mtu ukishapata visenti, unataka kuachana na kamunye, matatu zetu, za kubanana na boda za kuloana mvua. Unataka gari lako, lililoinuka, lisiloogopa mashimo, la kwendea kijijini Desemba ukaonekana.

Nami niliambiwa "halina shida". Na aliyeniambia hakuwa bloka wa barabarani. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Nimelelewa kwa Kiswahili na kwa filimbi ya alfajiri, na kazi yangu ni nafaka, mahindi na maharage, kati ya Busia na Kampala. Mwaka 2019, baada ya kubana matumizi miaka minne, nilimhesabia shemeji milioni 27 sebuleni kwake, noti juu ya noti. Akanikabidhi logbook na ufunguo, akasema: "Shemeji, gari hili halina shida. Oili tu, uwe unaangalia-angalia."

Hiyo "tu" ilinipita sikioni.

Nianze na hiyo oili, kwa sababu ndiyo kila mwenye RAV4 ya umri ule atakulalamikia. Injini ya lita 2.4, ile wanayoiita 2AZ, inakula oili. Si kuvuja, ni kula. Unaegesha usiku, chini pakavu kabisa, lakini ukichomoa kijiti cha kupimia oili baada ya safari mbili za Busia kinatoka na unyevu kwenye ncha tu. Kosa liko kwenye pistoni na ringi zake. Huko Marekani wenye magari walipiga kelele mpaka Toyota ikakubali kuwabadilishia pistoni na ringi wale ambao magari yao yalipimwa yakakutwa yanakunywa kupita kiasi. Sisi huku tulibadilishiwa nini? Nilinunua jerikeni ya lita tano, nikaiweka kwenye buti, na kila nilipojaza mafuta nilimwongezea mgonjwa wangu dozi. Nilizoea. Nikawa hata najisifu kwa wenzangu kwamba gari langu nalijua.

Sikulijua. Nilichokijua ni lile lalamiko linalokula pesa. Yako mengine yanayokula watu, na hayo hayatoi moshi.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mvua imekatika muda mfupi. Tunarudi kutoka Busia, mke wangu pembeni, watoto wawili nyuma. Daraja la Jinja tumeshaliacha, tumeingia Mabira. Mbele yangu lori la miwa, nyuma yangu basi linanipigia honi nipishe. Nikasikia sauti nyuma kushoto kama mtu kagonga sufuria kwa mwiko, mara moja tu. Kisha gari likaanza kutembea kama kaa. Usukani nimeunyoosha, lakini mkia unakwenda zake upande mwingine. Watu hunisifu kwamba sikukanyaga breki. Si ujuzi, mguu ulikataa kusogea. Tuliserereka mpaka kwenye majani, basi likatupita huku honi yake haijakatika, na baada ya hapo nikawa nasikia vyura tu.

Niliposhuka, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelala ndani ya tope, limepinda kama mguu wa kuku aliyevunjika.

Afande mmoja wa trafiki alikuja kwa pikipiki, akaangalia, akaangalia watoto, akasema, "Mzee, mshukuru Mungu. Hapa sisi huwa tunaokota watu." Yeye ndiye aliyetuitia fundi kutoka Najjembe, kijana mdogo mwenye kandambili na tochi ya simu. Kijana akaingia uvunguni, akakaa kimya muda mrefu, akaniita. "Ssebo, njoo uone." Nikalala kwenye majani mabichi na shati langu la safari. Akanionyesha mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, mafundi wetu wanauita amu, umekatikia pale unapoungana na sehemu ya kurekebishia. Kipande kilichobaki kina nyuzi za kufungia nati zilizoliwa na kutu, nyekundu kama udongo wa Mukono. Akashika nati ya pale kwa vidole viwili, bila spana, akaizungusha. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya soda.

"Ilifunguliwa siku ya alainimenti," akasema, yaani siku magurudumu yalipopimwa na kunyooshwa, "wakairudisha bila kuikaza."

Tulilala Lugazi usiku ule. Watoto walisinzia, mimi nilikaa kitandani na simu mpaka chaji ikaisha. Na nilichosoma ndicho kilichoniuma kuliko ajali yenyewe: kiwanda kilikuwa kinajua. Mwaka 2012, miaka saba kabla sijahesabu milioni zangu, Toyota iliita karibu magari 778,000 huko Marekani yarudi kutengenezwa, RAV4 za 2006 mpaka 2011 pamoja na Lexus HS 250h, kwa sababu hiyohiyo. Nati za mkono wa nyuma zisipokazwa sawasawa baada ya kupiga alainimenti, mkono unaanza kucheza, nyuzi zinashika kutu, mwisho unaachia. Mwaka 2013 wakayaita tena, maana mengine yalikuwa hayakutengenezwa vizuri mara ya kwanza. Hebu fikiria: nchi yenye vifaa vyote ilibidi irudie. Sisi alainimenti tunapiga kila tukitoka kijijini, kwa kijana yeyote mwenye kibao cha "Wheel" barabarani.

Gari langu lilitoka Japani, si Marekani. Lakini kutu haiulizi pasipoti.

Wenzetu wana utaratibu. Kiwanda kikigundua kosa la usalama kinatangaza, kinamwandikia barua kila mwenye gari, kinatengeneza bure. Sasa barua ya gari lako ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa mzee fulani Japani ambaye gari alishaliuza, likapanda meli, likashuka Mombasa, likakaa bondi, ghala la forodha, pale Nakawa, likapita kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa shemeji, mpaka kwako. Tena tangu Oktoba 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo RAV4 ya 2007 unayouziwa leo haikushuka melini juzi. Imeshapita mikono mitatu minne hapahapa, na hakuna mkono hata mmoja uliopokea barua.

Na si mkono wa nyuma tu. Februari 2016 Toyota iliita RAV4 milioni 2.87 duniani, na safari hiyo za Japani zilikuwemo, pamoja na ndugu yake Vanguard. Kosa ni mkanda wa kiti cha nyuma: ajali ikiwa kubwa, chuma cha kiti kinaweza kuukata. Dawa yake ilikuwa kukifunika chuma hicho kwa plastiki, basi. Nilipolisoma hilo niligeuka nikawatazama watoto walivyolala.

Kabla ya hapo, Oktoba 2012, yaliitwa magari milioni 7.43 kwa ajili ya swichi ya madirisha upande wa dereva, Yaris ambayo kwetu ni Vitz ikiwemo, na RAV4 za Marekani. Grisi ya ndani ilipakwa vibaya, swichi inakwama, na ukipulizia mafuta ya kulainisha ya dukani inaweza kuyeyuka, ikatoa moshi, hata kuwaka. Fundi gani wa Ndeeba hajawahi kukupulizia swichi ikakwama?

Halafu yako mabegi ya hewa ya Takata, ambayo hayakuangalia Toyota wala Honda wala Nissan. Baruti iliyomo inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Siku ya kufumuka, kikopo chake kinapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Magari ya watu yaliitwa kwa makumi ya milioni, na kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Japani tangu Mei 2018 gari lenye begi la hatari zaidi lisilobadilishwa halipiti ukaguzi wao. Lililoondoka kabla ya hapo, nani alilibadilishia? Joto na unyevu tunavyo vya kutosha. Kisekka, soko la vipuri Kampala, unaweza kununua usukani mzima na begi lake ndani, na asikuambie mtu ulitoka kwenye gari gani.

Sasa nirudi kwa shemeji, maana najua mnasubiri.

Nilipokuwa natoa vitu kwenye gari lile kabla ya kulivuta, chini kabisa ya droo ya dashibodi, chini ya kitabu cha Kijapani, nilikuta risiti ya alainimenti. Jina la shemeji. Tarehe ya wiki tatu kabla ya kuniuzia. Na chini, kwa kalamu ya bluu, mkono wa fundi: "Nyuma kushoto nyuzi zimelika, amu ibadilishwe."

Mikono miwili mipya, kushoto na kulia, ilinigharimu laki saba na ufundi. Hicho ndicho alichookoa. Nimeshakula naye Krismasi mara kadhaa tangu siku ile, namkatia nyama, ananiuliza biashara. Risiti bado ninayo. Dada yangu hajui, na kama anasoma hapa, basi leo kajua.

Ndugu zangu, tunaomba ulinzi wa Mungu kabla ya safari, halafu tunapanda gari ambalo hatujawahi hata kuinama kulitazama. Tunapiga injini, tunasikiliza redio, tunafurahia kamera ya nyuma. Tunamwamini mtu kwa sababu ni wa kanisani, ni wa msikitini, ni wa nyumbani. Chuma hakijui undugu!

Cha kwanza, namba ya chesisi. Kabla ya bei, namba ya chesisi. Gari la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yake ni fupi, kama ACA31, kistari, halafu tarakimu saba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Wamarekani ya kukagua magari yaliyoitwa itakuambia haipo, usishangilie. Nenda kwenye ukurasa wa Toyota ya Japani yenyewe, simu itakutafsiria, ingiza namba, utaona gari liliitwa lini na kama lilitengenezwa. Kisha fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo karibu na pale mlango unapofungia. Yaliyotengenezwa kule mara nyingi hubandikwa kistika kidogo chenye namba. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya begi la hewa iwake sekunde chache, izime. Isipowaka kabisa, mtu kaitoa, na hakuitoa kwa wema.

Na ingia uvunguni. Kama nguo ni nzuri, mlipe fundi wako aingie, si fundi wa bloka. Ashike zile nati za nyuma. Zikizunguka kwa vidole, rudi nyumbani na pesa zako.

Mengine, oili, tairi, viti, mtapatana kwenye bei.

Dada wa Jinja nilimwambia asilipe chochote, amwombe kwanza bloka picha ya kibao cha chesisi. Leo asubuhi kanitumia. Picha safi kabisa, mwanga mzuri, ACA31 inasomeka, na kidole gumba cha bloka kimefunika tarakimu tatu za mwisho.

Nimemwambia amrudie, amwombe aondoe kidole.